Mtoto wa mbwa anatafuna kila kitu, mume wangu amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Naombeni msaada

MamaWawili_Sakina #1

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Arusha, Sakina. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kochi ambalo mkono wake wa kushoto umebaki mbao tupu, sponji yote iko sakafuni.

Ni miezi miwili sasa tangu tuchukue mtoto wa mbwa kwa mfanyakazi mwenzangu wa Ngaramtoni. Mama yake ni German Shepherd, baba ni mbwa wetu wa kienyeji. Watoto wamempa jina Bosi. Alikuja akiwa na miezi miwili na nusu, sasa ana minne na nusu. Ana akili, ana upendo, na sauti ya ulinzi tayari anayo. Ila meno yake yametushinda.

Alianza na kandambili, hatukujali. Akaja kwenye waya wa chaja. Shule zilipofunguliwa mwezi huu akala kiatu cha mwanangu mkubwa, kipya, hakijamaliza wiki. Jumapili iliyopita baba mkwe alitutembelea kutoka Monduli, akavua katambuga zake mlangoni, asubuhi tukakuta moja haina mikanda. Mzee hakusema neno. Aliazima malapa ya mume wangu akaenda nayo stendi. Nilijifungia jikoni nikalia.

Mume wangu akikuta uharibifu anamchapa kwa fagio. Siku hizi Bosi akisikia geti linafunguliwa anaingia uvunguni mwa gari na mkojo unamtoka. Hilo linaniumiza kuliko kochi. Nimejaribu kunyunyizia kochi pilipili ya unga. Alipiga chafya, akahamia upande wa pili, na mwanangu mdogo akashika hapohapo akajifikicha macho. Sasa nimeambiwa kama mwezi ukiisha hajabadilika, anarudishwa Ngaramtoni au anapewa yeyote wa kumfunga mnyororo. Watoto bado hawajui.

Wenye uzoefu nisaidieni, tafadhali.

Dogo_Kijenge #2

Pole dada. Huo ni umri tu. Mfungie bandani moja kwa moja, akifikisha mwaka anaacha mwenyewe.

Shangazi_Usa #3

Mdogo wangu, pilipili achana nayo. Sisi huku Usa River tunakata shubiri tunapaka ule utomvu kwenye miguu ya viti. Ni chungu, akionja mara moja harudii.

Mzee_wa_Rau #4

Mama Wawili, pole sana. Mimi niko Moshi, Rau. Nimefuga mbwa tangu ujana, na watu wananiletea wa kwao niwafundishe. Kabla sijakwambia la kufanya nijibu haya kwa ukweli, kwa sababu mbwa wawili wanaweza kuguguna kochi lilelile na kila mmoja ana sababu yake. Mchana anashinda wapi, na kwa muda gani? Anakula mara ngapi? Anatafuna mkiwepo au mkiwa mmetoka? Halafu mfungue mdomo taratibu uniambie chonge zake zikoje.

MamaWawili_Sakina #5

Shikamoo mzee, na asante. Anashinda bandani. Ni banda la bati pembeni ya jiko la nje. Tunamfungia saa 1 asubuhi tukitoka, tunamfungulia saa 11 na nusu jioni. Maji anawekewa. Chakula ni ugali na dagaa, mara moja, jioni. Bandani ametafuna mlango tu. Vitu vya ndani anavila jioni wakati mimi napika na watoto wanafanya kazi za shule, na usiku pia, maana kwa baridi hii ya Julai tunamlaza sebuleni.

Meno ya mbele ni makubwa. Chonge ni nyembamba kama sindano, moja inacheza. Ufizi ni mwekundu, na juzi nilikuta damu kwenye mto nikaogopa.

Mzee_wa_Rau #6

Marahaba mwanangu. Damu kidogo isikutishe. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Yanaanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hivi, yale ya mbele kwanza, kisha chonge na magego. Akifika miezi sita au saba anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Bosi yuko katikati kabisa ya kazi hiyo. Ufizi unamuuma, na nafuu anaipata akibana kitu kisicho kigumu sana wala laini sana. Sponji inafaa, soli inafaa, mkanda wa ngozi ndiyo unafaa zaidi. Zile katambuga zilikuwa zinanukia mtu na ng'ombe, ziko usawa wa pua yake, na hakuna aliyemwambia ni za nani.

Kijana wa Kijenge anasema ataacha mwenyewe. Hapo sikubaliani naye. Meno yakishatoka yote, hamu ya kutafuna haiishi siku ileile, huendelea mpaka karibu na mwaka, na kile alichozoea kutafuna miezi hii ndicho atakachokitafuta akiwa mkubwa na taya la nguvu. Mwezi huu ndio wa kumfundisha.

Lakini meno ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hilo banda.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu ni desturi yetu, na mimi mwenyewe niliifuata miaka. Tunafunga mbwa mchana ili usiku awe mkali. Hesabu na mimi: kuanzia saa 1 mpaka saa 11 na nusu ni saa kumi na nusu kwenye bati, tumbo halina kitu tangu jana jioni, hana wa kucheza naye, hana cha kunusa. Kisha mlango unafunguliwa na nguvu zote za siku nzima zinaingia sebuleni kwa mara moja, kwenye mwanga na watoto na viatu. Mtoto yeyote mwenye afya angefanya alichofanya Bosi. Hata mlango alioutafuna ulikuwa unakuambia jambo.

Anza na chakula. Umri huu anataka milo mitatu kwa siku. Si lazima uongeze gharama sana, gawa kilekile na uongeze kidogo: asubuhi kabla hamjatoka, mchana, jioni. Kwa mchana tafuta mtu, dada wa kazi au kijana wa jirani unayemwamini, saa 7 amfungulie, ampe chakula, amwache azunguke uani nusu saa. Asubuhi amka mapema kidogo, mtoe nje ya geti kwa kamba kabla watoto hawajaamka. Usimkimbize. Mwache anuse kila jiwe na kila kona. Kunusa kunamchosha kichwa, na mbwa aliyechoka kichwa hulala.

La pili ni nyumba yenyewe. Kwa wiki sita zijazo chochote ambacho hutaki kiliwe kisiwe chini. Viatu vyote kwenye kabati lenye mlango. Chaja zichomolewe na kuwekwa juu. Usiku asibaki huru sebuleni. Mwite seremala akutengenezee kizimba cha mbao zisizo na rangi, awe anaweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha, mtandikie gunia na blanketi kuukuu, kikae palepale sebuleni awasikie. Wiki ya kwanza mlango wa kizimba usifungwe. Mlishie humo, acha apapende mwenyewe. Kisiwe gereza la pili baada ya banda, nakuomba sana.

Sasa kinywa. Kila mtoto wa mbwa lazima awe na vitu vyake, na visifanane na vyenu. Usimpe kiatu kibovu ukitegemea ataheshimu kizima, yeye hajui bei. Mimi nachukua taulo kuukuu, nalifunga fundo, nalilowesha kwenye supu isiyo na chumvi wala kitunguu, naliweka kwenye friza. Ule ubaridi unatuliza ufizi. Karoti nzima iliyogandishwa nayo anaipenda. Kwa wauza vichwa na kongoro naomba sikio la ng'ombe, nalichemsha vizuri, nalianika, linampa kazi ya jioni nzima. Kaa karibu akiwa nalo, kikibaki kipande kidogo cha kumezeka mwondolee. Taulo likianza kutoa nyuzi tupa.

Na ukimkuta na kiatu mdomoni usimfukuze. Ukimfukuza umemwanzishia mchezo mtamu kuliko yote. Chuchumaa, shika kipande cha dagaa au nyama, sema "achia" kwa sauti ya kawaida, akiachia mpe, kisha mpe na taulo lake. Fanyeni zoezi hilo mara kumi kwa siku hata kwa vitu vyake mwenyewe, ajue kuachia kunaleta kitu kizuri. Watoto wanaweza hilo kuliko sisi, ila uwepo, na wasimnyang'anye kwa mkono.

Fagio uliweke mbali. Hilo nitalirudia nikipata muda.

Dkt_wa_Tengeru #7

Mimi ni daktari wa mifugo. Mzee wa Rau amemaliza mengi, niongeze ya hatari tu.

Shangazi, samahani, shubiri usipake. Utomvu wake unaharisha na kutapisha mbwa. Masale tunayopanda mipakani nayo yanawatapisha na kuwatoa mate, na mnyaa wa uzio una utomvu unaounguza mdomo na macho. Mama, zunguka uani uangalie Bosi anafikia nini.

Kitu ninachokutana nacho sana huku kwetu ni gunzi la mahindi. Watu wanakula mahindi ya kuchoma, wanamrushia mbwa gunzi, analimeza vipande. Halisagiki tumboni, linaziba utumbo, na mara nyingi linatoka kwa upasuaji tu. Kokwa la parachichi vivyo hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha. Mipira ya watoto ya mifuko ya plastiki na kamba isiwe karibu naye kabisa. Soli za katambuga ni tairi, na baadhi ya tairi zina nyuzi za chuma ndani, kwa hiyo kama alimeza vipande mwangalie: akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, tumbo likijaa, usisubiri kesho.

Kwato na pembe kavu nazo zinapasua magego. Kipimo rahisi: bonyeza kwa ukucha. Kama ukucha hauachi alama, ni kigumu mno kwa meno yake.

Ule waya wa chaja, je, ulikuwa umechomekwa? Umeme wetu ni volti 230. Mbwa anaweza kuonekana mzima, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji akashindwa kupumua. Ikitokea, mlete siku hiyohiyo.

Na swali langu kubwa: amechanjwa kichaa cha mbwa? Amepewa dawa ya minyoo? Njaa na minyoo vinamfanya mbwa ale hata udongo. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha inarudiwa kwa ratiba. Ana watoto wawili wa kucheza nao na meno makali, hili lisingoje.

MamaWawili_Sakina #8

Daktari, hajachanjwa. Nilidhani mpaka afike miezi sita. Dawa ya minyoo alipewa mara moja tu alipokuja. Waya haukuwa umechomekwa, namshukuru Mungu. Kesho naomba ruhusa kazini, nampeleka.

Dkt_wa_Tengeru #9

Vizuri sana. Na akimkwaruza mtoto kwa jino kabla ya hapo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Usiweke kitu kingine juu yake.

Mkaazi_wa_Majengo #10

Mnamdekeza huyo mbwa. Mimi wangu nilimpeleka kwenye kiatu alichokula, nikamchapa nacho palepale, na aliona kosa lake. Alishusha masikio, akageuza macho pembeni. Mbwa anajua akikosea.

Mzee_wa_Rau #11

Ndugu yangu wa Majengo, nakuelewa, hata mimi niliamini hivyo. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani anayeitwa Alexandra Horowitz alilipima jambo hilihili. Mwenye mbwa alikataza chakula, akatoka chumbani, akarudi akiambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine aliambiwa isivyo kweli. Ile sura ya kushusha masikio na kukwepa macho ilitokea zaidi pale mbwa alipokemewa, awe amekula au hajala. Mbwa anasoma uso wako na mkono wako. Kiatu cha saa tatu zilizopita hakimo kwenye mawazo yake.

Sasa mtazame Bosi wa Sakina. Amejifunza kwamba geti likifunguliwa anapigwa. Kwa hiyo geti linamtia hofu, na mbwa mwenye hofu anatafuna zaidi, kwa sababu kutafuna kunamtuliza. Unaona mzunguko wenyewe? Ukimkuta anafanya, mkatize kwa sauti fupi na umpe chake. Ukikuta alishafanya, fagia, kaa kimya, na ujiulize nani aliacha kile kitu chini.

Mama Wawili, mwoneshe mzee wa nyumba maneno haya. Si kumlaumu. Mtu aliyenunua kochi kwa jasho lake ana haki ya kukasirika.

Mkaazi_wa_Majengo #12

Sawa mzee, nimekusikia. Nitajaribu.

MamaWawili_Sakina #13

MREJESHO, wiki ya pili.

Amechanjwa na amepata dawa ya minyoo. Nisiandike walivyotoka, ila walitoka wengi.

Jirani yetu ana kijana anayesubiri matokeo, tunampa kitu kidogo, saa 7 anamfungulia. Hilo peke yake limebadilisha jioni zetu. Zamani nikifungua banda alinirukia mpaka mabegani. Sasa anatoka, anazunguka uani, anakuja ndani na kulala karibu na mlango wa jiko. Taulo la supu analo matatu, tunabadilishana kwenye friza. Mwanangu mdogo ndiye mwalimu wa "achia", na jana Bosi alimletea soksi mwenyewe akakaa akisubiri dagaa. Sijui kama hilo ni zuri au ni baya.

Tumeanguka mara moja. Alhamisi nilichelewa kutoka kazini, kijana hakuja kwa sababu ya msiba, watoto wakamfungulia wakamsahau sebuleni. Alimaliza rimoti na kona ya zulia. Mume wangu aliingia kabla yangu. Nilikuta amekaa ngazini nje, fagio limeegemea ukuta, hajalishika. Akaniambia, "Nani aliacha rimoti kwenye kochi?" Ni yeye aliyeiacha asubuhi. Hatukuongea zaidi, tukafagia wote.

Mzee_wa_Rau #14

Mpelekee salamu zangu huyo baba. Kuhusu soksi: anakufanyia biashara. Mpe dagaa hata hivyo, ila soksi zipande juu, na mara mojamoja mwombe aachie kitu chake ili biashara isiwe ya kuiba tu.

Dada_Kiboriloni #15

Samahani kuingilia uzi, mzee. Wangu ana mwaka mmoja na nusu, meno yote tayari, anakula vizuri. Tukiwepo hagusi kitu. Tukitoka tu, anaguguna fremu ya mlango wa mbele mpaka kucha zinatoka damu, na jirani anasema analia. Tukirudi kifua kimelowa mate. Nimpe naye taulo?

Mzee_wa_Rau #16

Dada, huyo wako ana shida nyingine kabisa, na ni vizuri umeuliza. Anayeguguna kwa meno au kwa kukosa kazi hula chochote kilicho karibu, uwepo usiwepo. Wako anashambulia mlango mliotokea, peke yake, na naamini ukimchungulia utaona anaanza dakika chache baada ya kuondoka. Hiyo ni hofu ya kuachwa. Ukimfungia kizimbani anaweza kujiumiza vibaya.

Anza upya kama mtoto. Chukua funguo, kaa chini, usitoke. Toka hatua mbili, rudi kabla hajalia. Kesho dakika moja. Ongeza pale tu anapobaki ametulia, na akishindwa rudi nyuma. Kwa kipindi hicho asibaki peke yake, mpeleke kwa mama au jirani. Ni kazi ya wiki nyingi, sikufichi. Mwone pia daktari, zipo dawa zinazosaidia wakati wa mafunzo.

Dkt_wa_Tengeru #17

Naunga mkono. Na kwa wote: mbwa mkubwa aliyekuwa mtulivu akianza ghafla kung'ata miti, mawe na mabati, mate yanamtoka, sauti imebadilika, msimfundishe wala msimguse. Watoto waondoeni, mwiteni bwana mifugo. Kichaa cha mbwa huanza hivyo.

MamaWawili_Sakina #18

MREJESHO, wiki ya saba.

Mwezi uliisha na hakuna aliyeutaja. Bosi yupo.

Kizimba seremala alitengeneza kwa mbao za paleti. Wiki ya kwanza hakutaka hata kuingiza kichwa. Tulimlishia mlangoni, halafu katikati, halafu mwisho kabisa. Siku ya tisa nilimkuta humo amelala chali mchana, mlango uko wazi. Usiku sasa tunamfunga humo na hakuna kinachoguswa. Mkojo wa geti umeisha. Hilo lilichukua muda kuliko kutafuna, karibu mwezi mzima. Mume wangu alikuwa anaingia na kukaa chini palepale getini, bila kumwita, mpaka Bosi aje mwenyewe. Siku ya kwanza aliyokuja alimnusa viatu tu akarudi uvunguni. Nilikuwa dirishani, sitaisahau.

Bado anatafuna. Anatafuna masikio yake ya ng'ombe, karoti, na kipande kimoja cha kuni ambacho amekataa kukiacha, nikakibonyeza kwa ukucha kama daktari alivyosema nikamwachia, ila namchungulia asimeze vibanzi. Mwezi mzima ameharibu ndala moja tu, na ilikuwa yangu, niliiacha bafuni.

Baba mkwe alikuja tena Jumamosi na katambuga mpya. Mume wangu alizipokea mkononi akazipandisha juu ya kabati kabla mzee hajakaa.

Daktari, nina swali. Chonge ya juu kushoto ya ukubwani imetoka, lakini ile ya utoto bado imesimama pembeni yake, ziko mbili sambamba, na chakula kinakwama katikati. Ana miezi sita sasa. Tusubiri au?

Dkt_wa_Tengeru #19

Msisubiri. Itasukuma ile mpya ikae upande, na uchafu utaharibu ufizi. Inang'olewa kwa dawa ya usingizi, ni kazi ya muda mfupi. Asile chochote tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, maji anaruhusiwa mpaka asubuhi.

MamaWawili_Sakina #20

Asante daktari. Tunampeleka Alhamisi, baba yao ndiye ameomba ruhusa safari hii. Watoto wanataka jino warudishiwe.